Vikohozi Vitatu vya Mzee wa Mafuta

Mwaka 2021, katika majira ya baridi ya Sydney, nikiwa na umri wa miaka hamsini na minane, niliogopa kikohozi kuliko nilivyowahi kuogopa bunduki. Nasema hivyo nikijua uzito wake, kwa kuwa bunduki nimezisikia. Mlio wa bunduki hutoka upande fulani, nawe hukimbilia upande mwingine. Kikohozi cha mwaka ule kilitoka ndani ya nyumba, kinywani mwa mtu uliyempikia uji, na hapakuwa na upande wa kukimbilia.

Aliyekohoa ni mzee wa Kigiriki aliyekaa hapa Merrylands, mitaa mitatu kutoka kwangu. Wote tulimwita Mzee wa Mafuta. Jina lake silitaji, kwa sababu yeye mwenyewe alisema jina la muuzaji liandikwe kwenye debe, lisiwe midomoni mwa watu. Wala sitaeleza alizaliwa wapi na kwa nani. Inatosha kusema kwamba alikuwa na duka miaka mingi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kongo, kabla ya kuja Australia, na kwamba Kiswahili alichoondoka nacho huko hakikumtoka tena. Nilimfahamu kwa miaka tisa. Miaka sita ya kwanza nilikuwa mteja na jirani yake. Kuanzia Machi 2019 nikawa pia mtunzaji wake wa asubuhi, nikitumwa na kampuni ya kutunza wazee majumbani.

Kikohozi chake nusura kinipokonye kibali cha kazi hiyo, na pamoja na kibali, jina langu. Marehemu mume wangu aliniachia vitu viwili tu, pete na jina safi. Pete ningeweza kuipoteza nikaendelea kuishi.

Lakini kikohozi cha Mzee hakieleweki mpaka mtu ayaelewe mafuta yake.

Aliyauza katika gereji yake, ambamo gari halijawahi kulala. Madebe ya bati yalipangwa hadi karibu na dari, yote kutoka kilima kimoja cha kusini mwa Ugiriki, yote ya zeituni zilizokamuliwa mara moja bila kuchemshwa. Dirisha alilifunika kwa blanketi. Siku ya kwanza nilipofika, Jumamosi tarehe 13 Oktoba 2012, nilikuwa nimebeba chupa niliyoinunua dukani wiki ile, ya kioo cheupe, yenye mafuta yaliyong'aa kama dhahabu. Nilitaka aniambie kama nimechagua vizuri. Aliiinua kwenye mwanga, akaizungusha, akacheka.

“Mama, hii umenunua taa.”

“Si mafuta, Papa?”

“Yalikuwa mafuta. Mwanga umeyaua. Mafuta ni kama mutu muzee, yanapenda giza na baridi kidogo, na watu wasiyasumbue.”

Kisha akanifundisha kusoma debe. Nilikuwa nimeanza kujifunza kusoma mwezi Februari 2010, nikiwa na miaka arobaini na saba, na bado nilifuata maneno kwa kidole. Alikivuta kidole changu kutoka kwenye tarehe ya mwisho wa matumizi, akakishusha chini, kwenye maandishi madogo.

“Ile ya juu ni maneno ya mwenye duka. Hii ya chini ni tarehe ya kuvuna. Hii njo ushahidi.”

Mimi tarehe yangu ya kuzaliwa nilipewa na ofisi, tarehe mosi Januari, kama walivyopewa wenzangu wengi wa kambi ya wakimbizi ambao kuzaliwa kwao hakukuandikwa popote. Kusikia kwamba hata zeituni ina siku yake, na kwamba siku hiyo ni ushahidi, kuliniingia mwilini. Nilimuuliza tarehe ya kila debe lililokuwa mle ndani. Tangu siku hiyo akaniita Mama Tarehe, na ndipo nilipoanza kuandika tarehe za mambo yangu yote kwenye daftari, bila kujua kwamba siku moja daftari hilo lingesimama dhidi yangu.

Masharti yake ya kuchagua yalikuwa machache, naye hakuyalegeza kwa mtu. Chombo kiwe cha bati au cha kioo cheusi. Mahali patajwe, tena pawe mahali pamoja tu. Debe lililoandikwa kwamba limechanganya mafuta ya nchi mbalimbali alilifananisha na mtoto wa baba wengi, ambaye hakuna anayemlipia shule. Mavuno yawe ya msimu uliotangulia. Harufu iwe ya majani yaliyokatwa au ya jani la nyanya, isiwe ya karanga zilizochacha. Rangi hakuitazama kabisa. Alionjea katika kikombe cha kahawa cha buluu, makusudi, ili jicho lisipate la kusema. Alikifunika kwa kiganja, akakipasha kwa joto la mkono mwingine, akanusa, akavuta tone moja pamoja na hewa hadi kooni. Hapo ndipo hukumu ilipotoka, kwa sababu mafuta mazuri ya Kigiriki yakiwa bado mapya huwasha koo kama pilipili, na mtu hukohoa apende asipende.

“Kikohozi kimoja, kaanga,” alisema. “Viwili, mwagia mboga. Vitatu, ita jirani.”

Jikoni alikuwa adui wa wanaoyatunza mafuta kama manukato. Waliomwambia kwamba mafuta ya zeituni hayastahili moto aliwaambia waende wakapake nywele. Mayai ya asubuhi aliyakaanga humo, na viazi, na vitunguu vya kila mchuzi, na vidagaa alivyovitumbukiza hadi vikalia. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba sufuria isifuke moshi. Maharagwe yakiiva, aliyaondoa jikoni kwanza, ndipo akayamiminia kijiko kingine kibichi. “Kijiko cha kwanza ni cha sufuria, cha mwisho ni cha sahani.” Chupa ndogo ilikaa mbali na jiko, nayo ilipaswa kwisha ndani ya mwezi mmoja. Aliyemwambia kwamba mafuta yake yamedumu mwaka, Mzee hakumsifu kwa uwekevu. Alimwonea huruma kwa kula vibaya.

Hadharani, basi, alikuwa mtu wa mafuta ya aina moja. Mlangoni pa gereji alitundika kibao alichoandika kwa mkono, kwamba ndani ya nyumba hii hakuna mafuta mengine. Wagiriki wenzake wa kanisani walimtania kwa ajili ya kibao hicho, wakanunua. Mama mmoja aliyeulizia mafuta ya alizeti alionyeshwa barabara kwa kidole.

Na nyuma ya kopo lake la kahawa, katika rafu ya juu, kulikuwa na mtungi wa mawese.

Siri hiyo niliijua kwa sababu mimi ndiye niliyeileta. Siku ile ya kwanza hakukubali niondoke na ile taa yangu. Alinijazia chupa ya kioo cha kahawia, yenye kizibo, akakataa malipo ya chupa ya kwanza. Mjane si ombaomba, na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mwenzako akikuletea mboga katika bakuli, bakuli hurudi na kitu, hata kama ni konzi ya chumvi. Nilipoimaliza ile chupa niliiosha, nikawaza nimrudishie nini mtu aliyejaa mafuta hadi darini, nikaijaza mawese niliyoyapata katika duka la Waafrika. Aling'oa kizibo, akanusa. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika namna ile. Alikaa juu ya debe, akanusa tena.

“Sombe,” alisema hatimaye, akikitaja kisamvu kwa jina la kwetu. “Jumapili, kule ziwani. Mama, usimwambie mutu.”

Nikaapa. Tangu hapo chupa ilikwenda ikiwa nyekundu na kurudi ikiwa ya kijani. Yeye aliiosha kwa maji ya moto na magadi mara tatu, lakini kizibo hakukibadilisha kamwe. Kila mara nilipokwenda sokoni Cabramatta nilimletea kisamvu cha barafu. Nikakipika kwangu kwa mafuta yake, jambo ambalo bibi yangu asingelisamehe, naye akakipika kwake kwa mawese, jambo ambalo kanisa lake lisingelisamehe. Tulionjeshana, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba amekosea.

Sasa nieleze kosa langu. Jumatatu tarehe 4 Machi 2019 nilipopangiwa kumtunza, kampuni ilinipa fomu. Swali mojawapo liliuliza kama napokea zawadi yoyote kutoka kwa mteja. Niliandika “Hapana”, kwa herufi nilizojivunia, wala sikusita. Kitu unachokirudishia si zawadi. Ndivyo nilivyolelewa, na haikunijia kabisa kwamba aliyeitunga fomu alilelewa vingine.

Kisha ikaja baridi ya mwaka 2021. Mitaa yetu ya magharibi ilifungwa kwa masharti makali kuliko mingine. Kila asubuhi saa tano tulikaa mbele ya televisheni kusikiliza idadi ya wagonjwa. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya paa zetu mchana kana kwamba tunaficha kitu. Nilipimwa puani kila baada ya siku chache ili niruhusiwe kwenda kazini. Kuumwa mwenyewe nilikuogopa kidogo. Nilichokiogopa hasa ni kumpelekea Mzee kifo katika viganja vyangu. Alikuwa amezidi miaka themanini. Kila siku mlangoni nilisikiliza pumzi yake kabla ya kumwamkia.

Meli zilichelewa mwaka ule, na madebe ya mavuno ya Novemba yalimfikia mwishoni mwa Julai. Alihofu kwamba yameungua njiani. Jumatatu tarehe 2 Agosti alifungua la kwanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa gereji na barakoa yangu, simu mkononi nimeiweka kwenye spika, nikizungumza na msimamizi wangu, Mkenya mdogo kwa umri lakini mkubwa kwa cheo. Mzee akakifunika kikombe cha buluu, akanusa, akavuta.

Akakohoa. Akakohoa tena, akiushika ukuta. Akakohoa mara ya tatu, machozi yakamtoka, akainua mikono kama mtu aliyefunga bao.

“Vitatu! Mama Tarehe, vitatu!”

Msimamizi akauliza kwenye simu: “Mama, ni nani huyo anakohoa hivyo?”

“Ni Mzee. Ameonja mafuta.”

“Ameonja nini? Mama, usinichezee. Siku hizi kuna kikohozi cha mafuta kweli?”

“Kipo. Tena ni kizuri.”

“Kizuri! Mama, toka hapo saa hii. Usiguse kitu. Mwambie akae ndani, tunatuma watu wampime. Halafu niandikie ripoti. Kila kitu, usiache kitu.”

Mzee alinitazama nikirudi nyuma. “Unaniogopa?” aliuliza. Sikujibu, kwa kuwa jibu lilikuwa ndiyo. Nilijua ni mafuta, nilikuwa nimekihesabu kikohozi hicho miaka tisa, na bado miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe. Alinyoosha chupa yetu, iliyokwisha kujazwa. Niliipokea kwa ncha za vidole, nikaenda zangu.

Siku mbili nilijifungia nikisubiri majibu yake na yangu. Nilinusa kizibo kila saa kuona kama pua bado inafanya kazi. Majibu yalipokuja tulikuwa wazima wote wawili, nikapiga magoti jikoni.

Lakini ripoti nilikuwa nimekwisha kuiandika. Anayejifunza kuandika akiwa mtu mzima, akiambiwa aandike kila kitu, huandika kila kitu. Nilifungua daftari langu, nikaandika kwamba mteja alionja mafuta, akakohoa mara tatu, akanipa chupa, “kama ilivyo kawaida yetu tangu Jumamosi tarehe 13 Oktoba 2012”.

Jumatano tarehe 11 Agosti nilisimamishwa kazi. Mchunguzi wa kampuni, mwanamke mpole wa sauti, alinihoji kwa video. Aliziinua karatasi mbili mbele ya kamera.

“Hapa umeandika hapana. Hapa umeandika tangu 2012. Lipi ni kweli?”

“Yote mawili.”

“Hayawezi kuwa kweli yote mawili.”

“Nilipokea, nikarudisha. Huo ni ujirani.”

“Ulirudisha nini?”

“Chakula.”

“Chakula gani?”

Kibao cha gerejini kilinijia machoni, na mzee aliyekaa juu ya debe akiniomba nisimwambie mtu.

“Hilo si langu kusema,” nilijibu.

Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akanieleza, kwa upole uleule, kwamba ikithibitika nilichukua mali ya mzee niliyekabidhiwa, nitaondolewa kazini na jina langu litapelekwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kumtunza mtu yeyote tena. Wakati huohuo nisimwone mteja, nisimpigie simu, nisimtumie ujumbe. Kesho yake walituma mtu akaichukua chupa, ikatiwa katika mfuko wa plastiki.

Kutoka siku niliyosimamishwa hadi siku ya kikao zilipita siku themanini na tano. Nilizihesabu zote. Mtaa ulikuwa umefungwa nami nimefungwa ndani ya mtaa, na kila bahasha iliyoanguka mlangoni niliigeuza mara tatu kabla ya kuifungua. Niliwaza jina la mume wangu likiandikwa kwenye orodha ile kwa herufi za chapa.

Jumanne tarehe 14 Septemba, katika foleni ya duka la dawa, nilimwona ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekonda. Barakoa imemshuka chini ya pua, mfuko wa mkate mkononi. Aliniona, akainua mkono juu kabisa.

“Mama Tarehe!”

Nikainamisha kichwa. Niliogopa kamera, niliogopa watu wa foleni, niliogopa karatasi. Nilipoinua macho, mkono wake ulikuwa bado juu, lakini haukuwa tena wa kuamkia. Ulikuwa wa mtu aliyesahau kuushusha. Kati ya matendo yangu yote ya mwaka ule, hilo ndilo linalonitia haya. Na likaniongezea hofu mpya. Kwa nini mtu niliyemkana barabarani aende kwenye kikao kutaja mawese, avunje kibao chake kwa ajili yangu?

Kikao kilifanyika Alhamisi tarehe 4 Novemba 2021, katika ofisi iliyo juu ya ghala huko Wetherill Park, madirisha wazi, viti vimetenganishwa. Chupa ilikuwa mezani ndani ya mfuko wake. Mzee aliingia akisindikizwa na rafiki yake wa kanisani, mteja wake wa miaka mingi, kwa kuwa kanuni zilitaka mzee asije peke yake. Hakunitazama.

“Bwana,” mchunguzi alimwuliza, “mwanamke huyu alichukua mafuta yako bila ridhaa yako?”

Mzee aliomba apewe chupa. Akaitoa mfukoni, akang'oa kizibo, akakigeuza chini juu, akakiweka mbele ya mchunguzi. Upande wake wa chini ulikuwa mwekundu, wekundu uliozama.

“Unaona nini?”

“Doa.”

“Hilo si doa. Ni mawese. Mafuta ya michikichi. Mafuta yangu ni ya kijani, yangewezaje kutia rangi hiyo?” Alimtazama rafiki yake, kisha dari. “Huyu mama hunijazia chupa hii mawese kabla sijamjazia. Miaka tisa. Mimi huyala kila Jumapili. Yako nyuma ya kopo la kahawa.”

Rafiki yake alijishika kipaji cha uso. “Wewe! Miaka yote hii umetukataza hata kutaja alizeti!”

“Alizeti ni takataka,” Mzee alimjibu kwa hasira. “Mawese ni mawese.” Kisha akamgeukia mchunguzi. “Nieleze wewe uliyesoma. Mwizi gani hurudisha chupa ikiwa imejaa?”

Hapo ndipo alipogeuka upande wangu, kwa mara ya kwanza, akasema kwa Kiswahili, ambacho chumbani mle ni mimi tu na msimamizi wangu tuliokielewa:

“Mama Tarehe, kichwa juu. Ile siku ya duka la dawa, minajua ilikuwa woga. Na mimi nilikuwa nao.”

Uamuzi ulisomwa Jumatano tarehe 24 Novemba 2021, saa nne asubuhi. Sikuiba. Nilijaza fomu isivyopaswa, na kwa hilo nilipewa onyo la maandishi. Kibali changu kinabaki. Mteja yule sitamtunza tena, amepangiwa mwingine. Nilisoma kila mstari kwa kidole, bila haraka, nikatia sahihi na tarehe. Msimamizi wangu alinikabidhi chupa.

“Mama, nimekuoshea,” alisema kwa sauti ya chini. “Hata kizibo nimekisugua. Pole sana.”

Alikusudia wema. Ilinuka sabuni, na ilikuwa tupu.

Nilikwenda nayo moja kwa moja hadi gerejini, bila sare, bila beji. Kibao hakikuwepo mlangoni. Palibaki misumari miwili. Mzee alikuwa amekaa juu ya debe. Aliipokea chupa, akaipima kwa mkono, akachungulia ndani.

“Leo imekuja tupu.”

“Leo nimekuja bila kazi, Papa. Wamesema nisikutunze tena.”

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akatwaa kikombe cha buluu, akamimina, akanisukumia. Nilishusha barakoa, nikakipasha kwa kiganja, nikanusa. Majani yaliyokatwa. Nilivuta tone hadi kooni.

Nilikohoa. Ng'ambo ya barabara mtu alifunga dirisha. Nikakohoa tena, nikiwa nimekunja kiwiko, na tena, mpaka machozi yakanitoka, wala sikugeuka kutazama ni nani aliyefunga.

“Vitatu,” Mzee alihesabu. “Ita jirani.”

“Amekwisha fika, Papa,” nikamwambia.